Herufi t Mwishoni mwa /tmp

Kaa mbele ya kompyuta yoyote ya Linux, fungua terminali, andika ls -ld /tmp. Itakujibu kwa mstari unaoanza hivi: drwxrwxrwt. Wengi wetu tulifundishwa kusoma hizo herufi tatu tatu. r ni kusoma, w ni kuandika, x kwa folda ni ruhusa ya kuingia. Tatu za mwanzo ni za mwenye folda, tatu za kikundi chake, tatu za watu wengine wote. Halafu tukafika kwenye ile t ya mwisho, mwalimu akaangalia saa, somo likaisha.

Ile t ilizaliwa kwa kazi moja, ikaja kupewa kazi nyingine iliyo karibu kinyume chake. Kati ya kazi hizo mbili kuna swali ambalo kila watu wanaotumia mashine moja hukutana nalo mapema au baadaye: kitu ambacho mmoja wetu ameshakileta kwenye mashine, kwa nini mwingine akilete tena? Na kikiwekwa mahali pa wote, nani anaruhusiwa kukigusa?

Turudi MIT, Marekani, Novemba 1961. Fernando Corbató na wenzake wanaonyesha mfumo waliouita CTSS, ukiendeshwa kwenye mashine ya IBM 709. Kabla ya hapo ukitaka kutumia kompyuta ulitoboa kadi zako, ukaziacha kwa karani, ukaenda zako, ukarudi baada ya saa kadhaa kuambiwa umesahau koma. CTSS ilileta mpango mwingine. Watu kadhaa wanakaa kila mmoja kwenye taipureta yake, mashine inawahudumia kwa zamu fupi sana, na kila mmoja anahisi kana kwamba yote ni yake. Hakuna aliyeuliza kama kugawana ni jambo zuri. Kompyuta ilikuwa na bei ya ghorofa, utaacha kugawana uende wapi?

Lakini mkishakuwa wengi kwenye mashine moja, lazima kuwe na changu na chako. Kila mtu wa CTSS alikuwa na faili zake, na mgao wake wa muda, na neno la siri la kuvilinda. Mwaka 1962 mwanafunzi wa PhD aliyeitwa Allan Scherr alikuwa na saa nne kwa wiki, na kazi yake ilitaka zaidi. Akagundua kwamba ukipeleka kadi iliyotobolewa vizuri unaweza kuomba faili yoyote ichapishwe. Akaomba ile ya maneno ya siri ya watu wote. Ikachapishwa, akaenda kuichukua, akaendelea kufanya kazi kwa saa za majirani. Alikuja kusema ukweli miaka mingi sana baadaye, wakati hakuna wa kumfukuza. Hii hadithi husimuliwa kama wizi wa kwanza wa maneno ya siri. Mimi huiona zaidi kama hadithi ya mtu aliyeishiwa bando katikati ya kazi.

Kuna kisa kingine cha CTSS ambacho kinatuhusu zaidi, na Corbató mwenyewe alikisimulia kwenye mhadhara wa Tuzo ya Turing aliyopewa 1990. Alasiri moja, kila aliyeingia kwenye mfumo, badala ya kuona tangazo la siku, alichapishiwa orodha nzima ya maneno ya siri ya watumiaji. Hakukuwa na mdukuzi. Wasimamizi wawili walikuwa wanafanya kazi kwa wakati mmoja, mmoja akirekebisha tangazo, mwingine akirekebisha maneno ya siri. Programu waliyotumia kuhariri iliweka kazi ya muda kwenye faili yenye jina lilelile kila mara, kwa sababu aliyeiandika aliamini mtu mmoja tu ndiye atakayekuwa ndani ya folda moja kwa wakati. Baadaye wasimamizi wakaruhusiwa kuingia wengi kwenye folda yao ya pamoja, ili kazi iende haraka. Faili mbili zikagongana, moja ikavaa nguo za nyingine.

Shika hilo kosa vizuri, maana tutakutana nalo tena miaka arobaini mbele likiwa limevaa suti: mtu anaandika programu akiamini mtumiaji ni mmoja, halafu dunia inaleta wawili.

Unix ilianza Bell Labs mwaka 1969, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa inaendeshwa kwenye mashine za PDP-11 zenye kumbukumbu ndogo kuliko ya saa ya mkononi ya leo, na watu wengi juu yake. Hapo ndipo t inaingia.

Programu inayoendeshwa ina sehemu mbili kubwa. Kuna maagizo yenyewe, ambayo hayabadiliki, na kuna data ya anayeitumia, ambayo hubadilika kila sekunde. Unix iliweza kuweka maagizo mara moja tu kwenye kumbukumbu, hata watu kumi wakiwa wanatumia programu ileile, kila mtu akabaki na data yake. Shida ilikuja mtu wa mwisho alipofunga. Maagizo yalitupwa, na aliyekuja dakika moja baadaye alisubiri yasomwe upya kutoka diskini. Toleo la Tano la Unix, mwaka 1974, likaleta alama ndogo ya kuiambia mashine: hii usiitupe, iache kwenye eneo la swapu, kuna mtu atakuja kuiuliza. Waliiita biti ya kunata, kwa sababu programu ilinata pale hata baada ya mwenyewe kuondoka. Herufi yake ikawa t, kutoka neno text, jina walilolipa lile fungu la maagizo.

Kwa hivyo t ilikuwa kache ya pamoja. Mtu wa kwanza anagharamika, wa pili anapita bure. Na angalia nani aliruhusiwa kuiweka: msimamizi mkuu peke yake, yule wa root, kwa kuwa eneo la swapu lilikuwa dogo na kila kitu kilichonata kilikula nafasi ya wote. Mtu wa kawaida angefaidika na stoo, lakini hakuwa na kalamu ya kuandika ndani yake.

Sasa tuje kwa /tmp. Hii ni folda ambayo kila mtu kwenye mashine anaweza kuandika, kwa sababu programu nyingi zinahitaji mahali pa kuweka vitu vya muda. Unix ina tabia moja ambayo huwashangaza wanaoanza: ruhusa ya kufuta faili haitoki kwenye faili, inatoka kwenye folda iliyoibeba. Ukiweza kuandika kwenye folda, unaweza kufuta chochote kilichomo, hata kama si chako, hata kama huwezi kukisoma. Maana yake /tmp ilikuwa kama kamba ya kuanikia nguo ya ploti nzima. Mtu yeyote angeweza kukutolea shati lako na kuning'iniza lake mahali palepale, kwa jina lilelile.

Mwaka 1986, 4.3BSD, ile Unix ya Berkeley, ikalichukua hilo tatizo na kulitafutia dawa kwenye kabati la vitu vya zamani. Biti ya kunata ilikuwa na maana kwa programu tu. Kwa folda haikuwa na kazi ya maana. Wakaipa kazi: folda ikiwa na t, wote mnaweza kuweka vitu ndani, lakini cha mtu atakifuta mwenyewe, au mwenye folda, au root. Kumbukumbu zilipozidi kuwa kubwa ile kazi ya kwanza ikasahaulika, na Linux ya leo haijali t iliyo kwenye programu. Alama iliyoanza ikisema "waachie wengine" sasa inasema "usiguse cha mwenzio". Na zote mbili zinahitajika, ndiyo maana jambo hili halina jibu la haraka.

Baadaye diski zikashuka bei, kompyuta ikawa kitu cha mtu mmoja kwenye begi. Hapa historia inaenda mbio na mimi nitakimbia nayo. Waandishi wa programu wakaacha kuandika kila kitu wenyewe, wakaanza kutegemea vipande vilivyoandikwa na wengine, vikipakuliwa kutoka mtandaoni. Maven 2, ya watu wa Java, ilitoka 2005 na kuweka kila ilichopakua kwenye folda inayoitwa .m2, ndani ya nyumba ya mtumiaji. npm ya watu wa JavaScript ilianza 2010, na kache yake ikawa .npm, pia ndani ya nyumba ya mtumiaji, halafu kila mradi unapata nakala zake kwenye node_modules. pip ya Python vilevile, kache nyumbani kwako. Uamuzi ulikuwa wa busara kwa mtu mmoja mwenye laptopu moja: hakuna kugongana, hakuna kuomba ruhusa, ukiharibu umejiharibia.

Ni ile imani ya CTSS imerudi. Mtumiaji ni mmoja.

Diski ni rahisi, wanasema. Sawa, ni rahisi. Lakini kache haijawahi kuwa suala la diski pekee. Ni suala la safari ya kwenda kuleta. Kenya ilitegemea setilaiti kufikia intaneti ya dunia mpaka 2009, nyaya za baharini zilipofika Mombasa, na hata baada ya hapo bando bado linanunuliwa kwa siku, kwa saa, kwa kile kilichobaki kwenye M-Pesa. Nilipokuwa chuo, kabla sijaondoka, maabara yetu ilikuwa na mashine ambazo wanafunzi wa madarasa tofauti waliingia kila mmoja kwa akaunti yake. Kazi ya Java ilipotolewa, kila aliyeketi aliandika mvn package na kutazama maktaba zilezile zikishuka upya, faili kwa faili, kwenye diski ambayo tayari ilikuwa nazo kwenye nyumba za watu sita wengine. Intaneti ya maabara ilikuwa inakata saa nne asubuhi. Aliyewahi, alimaliza kazi. Aliyechelewa alikaa mita mbili kutoka kwa faili alizohitaji, na hakuweza kuzifikia.

Dawa ya kwanza ambayo kila mtu hufikiria ni rahisi: tengeneza folda moja, tuseme /opt/m2, uelekeze Maven za watu wote pale. Inafanya kazi kwa siku ya kwanza. Halafu mtu wa pili anapata Permission denied, na hapa watu wengi hukata tamaa bila kujua kilichowapata. Kilichowapata kinaitwa umask. Ni kichujio kinachoamua ruhusa za kila faili mpya, na kwenye mifumo mingi thamani yake ni 022, yaani mwenyewe aandike, wengine wasome tu. Wewe umepakua maktaba, faili ni yako. Jirani anaweza kuisoma, vizuri. Lakini Maven huweka kando ya kila maktaba vijifaili vya kumbukumbu: ilitoka seva gani, mara ya mwisho iliulizwa lini. Maven ya jirani inataka kuvisahihisha, vina jina lako, inakataliwa. Kuna njia ya kutengeneza: weka watu kwenye kikundi kimoja, ipe folda alama ya setgid ili kila kitu kipya kirithi kikundi, badilisha umask iwe 002. Hata hapo unabaki na swali la watu wawili kuandika faili moja kwa sekunde ileile, jambo ambalo stoo ya Maven haikuundwa kwa ajili yake. Wasimamizi wawili wa MIT wangekuelewa.

Na dawa ya pili, ile inayotolewa na mtu aliyechoka: chmod -R 777. Wote waandike kila kitu.

Hapa ndipo naomba tupunguze mwendo. Vitu vilivyo ndani ya hii stoo si picha wala nyimbo. Ni maagizo ambayo kompyuta itayatekeleza kwa jina la atakayeyaita. Nikiweza kubadilisha faili moja kwenye stoo unayoitumia, sina haja ya neno lako la siri. Naandika mistari michache ndani ya maktaba unayoiamini, nasubiri. Kesho asubuhi utaandika amri yako ya kila siku, na mistari yangu itaendeshwa kama wewe, ikiwa na ufikiaji wa funguo zako, barua zako, kazi yako. Ruhusa ya kuandika kwenye kache ya mtu ni ruhusa ya kuwa yeye. pip inalijua hili kwa kiasi: ukiiendesha kwa sudo ikakuta folda ya kache si mali ya anayeiendesha, huizima kache, inakupa onyo na kwenda kupakua upya. Watu huliona lile onyo kama kelele.

Kumbe upande mwingine wa mashine hiyohiyo kulikuwa na stoo ya pamoja iliyofanya kazi miaka yote bila fujo. Debian 2.1, ya mwaka 1999, ilikuja na APT, na APT huweka inachopakua kwenye /var/cache/apt/archives, mahali pamoja kwa mashine nzima. root anaandika, wote wanatumia. Ni mpango wa 1974 uleule. Ila ukitaka toleo jipya la kitu kimoja na msimamizi wa maabara hapokei simu, utafanyaje? Utarudi nyumbani kwako kwenye .m2 na .npm. Nadhani hivyo ndivyo kache za nyumbani zilivyoshinda. Zilikuwa njia ya kumkwepa msimamizi.

Aliyelikabili swali lenyewe uso kwa uso alikuwa Eelco Dolstra, kule Utrecht, Uholanzi. Mradi wake, Nix, ulianza 2003, na mwaka 2005 alitoa andiko ambalo kichwa chake kinazungumzia waziwazi kugawana kwa usalama kati ya watumiaji wasioaminiana. Nalipenda hilo neno, wasioaminiana. Wengine wote walikuwa wamedhania ama kuna mtu mmoja, ama kuna kikundi cha marafiki.

Nix ina stoo moja, /nix/store, na kila kitu ndani yake kina jina linaloanza na mfuatano mrefu wa herufi na namba. Hiyo ni hashi. Unachukua taarifa zote zilizohitajika kutengeneza programu, yaani msimbo wake, vitu inavyotegemea, maagizo ya ujenzi, unavipitisha kwenye hesabu, inatoka alama kama ya kidole. Ukibadilisha koma moja, alama inabadilika, na mahali pa kuwekwa panabadilika. Matoleo kumi ya kitu kimoja yanaweza kukaa pamoja bila kukanyagana.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba mtumiaji haandiki stooni kabisa. Anapeleka maombi kwa programu inayokaa nyuma ya pazia, kama yule mtu wa funguo kwenye ploti. Yeye anaangalia: hiki kimeshajengwa? Kama kipo, chukua. Kama hakipo, anakijenga mwenyewe kwa akaunti maalum ambazo si za mtu yeyote, mahali ambapo hata wewe uliyeomba huwezi kuingiza mkono wakati kazi inaendelea. Mimi na wewe tukiomba kitu kilekile tunapata kilekile, na sikulazimika kukuamini. Tena sikulazimika kumpigia mtu simu. Nix ina ugumu wake, lugha yake inaweza kukufanya uulize kwa nini ulizaliwa, na stoo hujaa mpaka uifagie. Lakini kwenye hili la kugawana, bado naiona imefikiri mbali kuliko wenzake.

Wazo la kutunza vitu kwa alama ya yaliyomo likasambaa. npm 5, mwaka 2017, ilipanga kache yake upya kwa mtindo huo. pnpm ikaenda hatua nyingine: faili moja diskini, miradi yako yote inaielekea kwa kiungo kigumu, yaani faili ileile yenye majina mengi. Inaokoa nafasi sana. Lakini ni kwa miradi ya mtu mmoja. Kiungo kigumu hubeba mwenye faili na ruhusa zake, kwa hivyo kati ya akaunti mbili tunarudi kwenye umask na kikundi, na mtu akihariri faili ndani ya node_modules anaweza kuwa anaihariri kwa miradi yote.

Aprili 2022, Git ikatoa toleo 2.35.2 kwa sababu ya udhaifu uliopewa namba CVE-2022-24765. Git ukiiita ndani ya folda hupanda juu, folda kwa folda, ikitafuta .git. Kwenye mashine ya pamoja, mtu angeweza kuweka .git yake mahali pa wote, kwa mfano ndani ya /tmp, ikiwa na mipangilio inayoagiza programu fulani iendeshwe. Wewe ukaja ukafanya kazi yako kwenye folda ya chini yake, ukaandika git status tu, na maagizo yake yakaendeshwa kama wewe. Ile t haikusaidia hapa, maana hakuna faili yako iliyofutwa. Toleo jipya likaanza kuuliza: hii folda ni mali ya nani? Kama si yako, linakataa, mpaka uitaje kwenye orodha ya safe.directory.

Mashine za kujengea programu zikasimama kote duniani, kwa sababu zimejaa folda zilizotengenezwa na akaunti moja na kutumiwa na nyingine. Watu wakalalamika, na siku chache baadaye 2.35.3 ikaja na njia ya mkato: andika safe.directory = * na Git haitakuuliza tena folda ni ya nani. Mashine tunayoitumia watu watano hapa ninapoandikia ina hiyo nyota kwenye mipangilio ya mfumo mzima. Nimeuliza aliyeiweka ni nani. Kila mtu anasema aliikuta.